Chaki kwenye Kalenda

Wakili Nanyaro hakuniuliza kitauzwa bei gani.
Aliuliza, "Nani mwingine ameuona?"
Nikamjibu: mama mkwe, mbuzi,
na kijana anayeniletea mitungi ya gesi.
Akaandika kijana. Mbuzi akamwacha.

Nilikuwa nimetoka Kiboriloni alfajiri,
mlango wa mfongo nimeuviringisha kwenye kanga mbili,
chuma cha kilo sita mapajani
kama mtoto mwenye homa,
mpaka Arusha, ghorofa ya tatu, lifti imekufa.

Huu hapa, nikasema.
Maji yakijaa nduwani boya linapanda,
mkono unashuka, mlango unajifunga.
Hakuna wa kukesha na tochi,
wala wa kukata mgomba azibe kwa gogo na tope,
wala Makyao kuja na panga
kudai nimemwibia robo saa.

Alianza kunieleza kwa lugha ya sheria, nikapiga miayo.
Akaanza upya kwa lugha ya mfongo:
Ombi hili la awali si hataza.
Ni gogo unalolilaza mferejini waone kwamba ulifika.
Ofisi ya huko ng'ambo unakotaka kuuza
itagonga muhuri wa siku.
Haitakupima. Haitakupa hongera.
Itakushikia zamu, basi,
miezi kumi na miwili.
Ukirudi na ombi kamili kabla haijaisha,
unahesabiwa tangu siku ya muhuri.
Usiporudi, gogo linaoza,
na maji hayamjui mtu kwa jina.

Kisha akanisukumia karatasi.
"Andika kila kitu.
Usichokiandika, siku hiyo haikitambui."

Nikaandika bawaba, ya mlango wa Landrova.
Nikaandika boya, dumu la mafuta ya kula, lita tano.
Mkono: nondo ya milimita kumi na mbili,
imepindwa hapa, siyo hapa.
Nikachora. Akasema chora tena.
Nikaandika *kidude kinachozuia kidude kingine*,
akakikata kwa wino mwekundu.
Miaka minne nimekichomelea, nikakisaga, nikakitukana,
na sikuwahi kukipa jina.
Saa saba mchana ndipo kikaitwa kizuizi.

Nyumbani, kwenye kalenda ya usharika,
nikaizungushia tarehe chaki ya kupimia chuma.

Agosti nikaupeleka Nanenane, uwanja wa Themi,
wazi kabisa, bila kanga.
Bwana mmoja wa viatu vya kung'aa
aliupiga picha tatu, moja amepiga magoti.
Nikamwacha apige.
Nilimkaribisha na maji ya kunywa.

Kisha vuli ikashusha tope, boya likakwama.
Nikang'oa springi kwenye kiti cha baiskeli ya Ndelilio
(bado hajanisamehe, anaendesha amesimama),
nikaibana chini ya mkono,
na mlango ukawa mlango hasa,
ule mwingine ulikuwa mazoezi.

Nikampigia wakili.
Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.
"Springi imo kwenye karatasi?"
"Haimo."
"Basi springi haina siku.
Itapata yake tukiipeleka, haitarithi ya mwenzake."
"Na yule wa viatu?"
"Alipiga picha Agosti. Springi hakuiona.
Usimwonyeshe mtu.
Hata mbuzi."

Zimebaki siku thelathini na moja,
na ada haijatimia.
Ndama ameshahisi jambo.
Nikiingia zizini ananitazama kwa jicho la pembeni.

Usiku huu maji ni yangu.
Nimelala kama watu wenye bomba.
Saa kumi, kule juu migombani, nasikia: *klak*.
Hakuna anayepiga kelele.
Ndelilio anageuka, anavuta blanketi lote.
Nawasha tochi, natafuta kalamu chini ya kitanda,
naandika kwenye mgongo wa risiti ya nondo:

*Springi, ya kubana, mizunguko saba,
iliyokaa kati ya mkono na kizuizi, ambayo*